Diski ya Mavuno

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Orpa alichota madumu mawili ya maji, akafagia uwanja, akampikia bibi yake uji, kisha akaosha vikombe, hata vile ambavyo havikutumiwa. Hakulalamika wala hakunung'unika. Majirani wa Misiera, kijiji chao ndani ya kambi ya wakimbizi, walimsifu kwa hilo. "Mutoto wa Constance hana maneno," walisema. Walikosea kidogo. Maneno alikuwa nayo, ila hakuhisi haja ya kuyatoa.

Tangu mama yake, Constance, afariki mwaka uliotangulia, mwezi wa nne, kifua cha Orpa kilikuwa kimekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Siku ya mazishi watu walilia mpaka sauti zikakauka. Yeye alibeba mkeka wa wageni akauliza utandikwe wapi. Mwaka mzima ulipita na hakuwa amelia hata mara moja. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, darasa la sita, na alama zake shuleni zilikuwa nzuri kuliko zamani, kwa sababu mtu asiyehisi kitu hana la kumpotezea muda.

Jambo moja tu alilikwepa. Hakutaka kuona picha ya mama yake.

Kukwepa huko hakukuwa rahisi, maana Orpa alikuwa mwandishi wa kwaya ya watoto, na kwaya ilikuwa na kamera. Wageni fulani waliotembelea kanisa lao waliacha kamera moja, kompyuta ndogo moja, na diski nne za DVD za aina inayofutika. Diski hizo ziliwapendeza sana wazee wa kanisa. Unarekodi ibada, watu wanaitazama, unafuta, unarekodi tena. Nani angetaka kununua diski mpya kila wiki wakati nne zinatosha? Basi zikazunguka hivyo, za harusi zikageuka za ubatizo, za ubatizo zikageuka za wageni. Kila mara mtu alipopenda ibada fulani, jibu lilikuwa moja, kwamba nakala itatolewa kesho. Kesho hiyo, kama zilivyo kesho nyingi za watu wazima, haikufika.

Hata hivyo kwaya ilikuwa na sheria moja nzuri. Diski haifutwi mpaka watu wawili waitazame hadi mwisho, kisha waandike majina yao kwenye daftari. Mtu mmoja alikuwa Orpa, kwa sababu ya mwandiko wake. Wa pili alikuwa Patient, kijana wa miaka ishirini na minne aliyeshika kamera, na ambaye watoto wote walimwita Yaya Patient, yaani kaka Patient.

Jumatano moja baada ya masomo, Mama Nathalie, rais wa kwaya, alimwambia Orpa afute diski moja kwa ajili ya Jumapili. Patient hakuwepo, alikuwa amekwenda Base Camp kuchukua mgao wa chakula, na foleni ya mgao haina adabu, inaweza kummeza mtu siku nzima. Orpa akafungua sanduku. Diski tatu zilikuwa na mambo ya mwezi huo huo. Ya nne, iliyokaa chini kabisa kwa zaidi ya mwaka, ilikuwa imeandikwa "Mavuno".

Aliiweka ndani ya kompyuta. Wanawake waliovaa vitenge vya njano walianza kuingia kanisani na vikapu vya mahindi kichwani. Mstari wa kwanza ukapita. Katika mstari wa pili Orpa aliona bega. Bega tu, na namna lilivyoinama kidogo upande wa kushoto. Alifunga picha hiyo papo hapo.

Kompyuta iliuliza kama afute haraka au afute kabisa. Kufuta kabisa kulichukua karibu saa nzima, na yeye hakutaka kukaa na diski ile hata robo saa. Akachagua haraka. Baada ya dakika moja kazi ilikwisha. Akafungua daftari, akaandika "Orpa", na chini yake akaandika "Patient". Kisha akaenda kuchota maji, na moyo wake haukusema lolote.

Ijumaa mchana bibi yake, Koko Nyirabizimana, alivaa kitenge chake kizuri akamshika Orpa mkono, wakaenda kanisani. Wiki iliyofuata ilikuwa siku ya kuondoa kilio. Baada ya mwaka, ndugu na waumini hukutana nyumbani kwa marehemu, wanakula pamoja, wanamkumbuka kwa mara ya mwisho rasmi, na maombolezo yanafungwa. Koko alikuwa na ombi lake.

"Mama Nathalie," alisema, "ninataka siku ile batu basikie sauti ya Constance. Alitoaka ushuhuda siku ya mavuno, pale mwisho, baada ya nyimbo. Alisema mingi. Iko mu ile diski yenu."

Orpa alisikia maneno hayo yote. Hakujua kwamba kulikuwa na ushuhuda. Siku ile ya mavuno alikuwa nyumbani na homa. Alijua tu kwamba mama yake angeonekana mahali fulani katikati ya waimbaji, na hilo peke yake lilimtosha kuifunga.

Jenereta ikawashwa. Patient akaweka diski. Kompyuta ikasema diski ni tupu. Akaitoa, akaipuliza, akairudisha. Tupu.

"Hizi diski za kufutika ni za bure," alisema Mama Nathalie. "Zinakufaka zenyewe. Lete dawa ya meno. Diski ikikataa tunaisugua na dawa ya meno, inapona."

Hapo Orpa angeweza kusema. Alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka mezani. Sentensi moja ingetosha: haijaugua, mimi niliifuta. Lakini midomo yake ilikaa ilivyokaa, na dawa ya meno ikaletwa. Mama Nathalie akapaka, akasugua kwa ncha ya kitenge, akizungusha mkono kwa bidii kama mtu anayesafisha sufuria. Koko naye akachukua zamu yake. Wakaosha kwa maji, wakafuta, wakaweka. Tupu.

Ndipo daftari likafunguliwa. Mama Nathalie alisoma majina mawili ya Jumatano, akavua miwani.

"Kumbe mumeifuta! Orpa ni mutoto, simulaumu. Weye, Patient, ni mutu muzima. Umeandika kama umetazama mpaka mwisho. Ulitazama nini?"

Patient alilitazama jina lake kwenye daftari, lililoandikwa kwa mkono usio wake. Kisha alimtazama Orpa. Hakuonekana kukasirika. Alimtazama kama mtu aliyempa mwenzake nafasi ya kupita mlangoni kwanza. Orpa akageukia dirisha.

"Kamera utaiacha hapa," Mama Nathalie alihukumu. "Siku ya Mungu mutu mwingine atashika. Na hii diski tutarekodi ibada juu yake, tuone kama iko muzima. Ikikataa, tunatupa."

Patient akavua mkoba wa kamera begani, akauweka mezani.

Saa kumi jioni Orpa alikuwa nyumbani akichambua mboga. Baba yake, Musoni, alikuwa amekaa kwenye gunia akipukuchua maharage aliyotoa shambani, upande wa Rugaaga. Patient alitokea njiani amebeba benchi la kanisa kichwani. Alikuwa ameahidi mabenchi sita kwa ajili ya siku ya kuondoa kilio, na hilo lilikuwa la kwanza. Jasho lilimtiririka mpaka shingoni.

"Orpa," aliuliza, "niliweke fasi gani?"

Hakuna zaidi. Aliliweka alipoonyeshwa, akajipangusa uso, akageuka kwenda kuleta la pili.

Orpa aliona aibu. Ilikuwa hisia mbaya, na ilikuwa ya kwanza kwa muda mrefu kiasi kwamba alishtuka nayo. Akaacha mboga.

"Papa," alisema, "diski niliifuta miye. Sikutazama. Yaya Patient hakukuwepo. Jina lake niliandika miye."

Alisema hayo kwa sauti ile ile anayosomea darasani. Musoni alisimamisha mikono juu ya maharage. Hakupiga kelele. Alikuwa mtu wa kufikiri polepole, na watu wengi waliona polepole hiyo kuwa upole, ingawa siku hiyo uso wake haukuwa mpole hata kidogo.

"Patient anajua?"

"Anajua. Aliona mwandiko."

"Na alinyamaza?"

"Nafikiri alikuwa ananingoja."

Musoni akasimama, maganda yakamwagika. "Twende. Sasa hivi. Wale watu bado wako kanisani."

Orpa alirudia maneno yale yale mbele ya Mama Nathalie, na mbele ya Patient aliyekuwa akitoa benchi la pili. Patient aliweka benchi chini haraka akauliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Ulifuta haraka ao ulifuta kabisa?"

"Haraka."

"Basi musiiguse!" Aliichukua diski mezani, akaishika kwa kingo zake tu. "Siku ya Mungu musirekodi kitu juu yake. Kuna fundi Mbarara, chini ya kilima cha Kamukuzi. Alishaniambiaka, ukifuta haraka, bintu bado biko mule. Ukirekodi juu, ndiyo bimekwisha."

Mama Nathalie akakaa kwenye benchi. "Patient," alisema, "unisamehe. Nilikuhukumu mbio." Kisha akamgeukia Orpa. "Na weye, ungesema kesho kutwa, ingekuwa tumeshaiua."

Jumatatu Orpa hakwenda shule. Walifika Mbarara saa tatu asubuhi, yeye, baba yake na Patient, diski imefungwa ndani ya kitambaa safi. Fundi aliitwa Rwakabuba, Mnyankore mnene mwenye duka dogo lililojaa redio zilizofunguliwa matumbo. Aliisogeza diski kwenye mwanga wa dirisha, akatikisa kichwa.

"Banange! Nani alisugua hii?"

"Wamama walitia dawa ya meno, ssebo," alisema Musoni kwa heshima.

"Dawa ya meno ni ya meno." Akavuta kiti karibu na Orpa. "Wewe ndiye nafuta? Kale, sawa. Mimi hapana polisi. Ambia mimi kila kitu, moja moja. Wengine nakuja hapa nadanganya mimi, nasema diski nakufa yenyewe, basi mimi natafuta ugonjwa ile hakuna, siku mzima napotea."

Orpa akamweleza. Picha aliyoiona, aliyoifunga, alichobonyeza, dakika iliyopita. Rwakabuba akacheka mpaka kiti kikalia.

"Kama wewe ilikuwa na bidii, ikafuta kabisa, leo mimi nafukuza nyinyi! Uvivu nasaidia. Lakini usiende kusifu uvivu kwa mwalimu."

Alimweleza kwa subira, kama fundi anayeipenda kazi yake. Diski, alisema, iko kama kitabu. Mbele kuna ukurasa mmoja unaoonyesha wimbo uko wapi na maombi yako wapi. Ukifuta haraka, ukurasa huo tu ndio unaoondolewa, na kompyuta, kwa kuwa haina akili ya kufunua mbele, inatangaza kwamba kitabu kizima ni kitupu. Ukifuta kabisa, unapita kurasa zote moja moja. Na ukirekodi juu, unaandika kitabu kingine palepale.

"Na kitu ingine," aliongeza, akiwatazama watu wazima. "Hii diski nafanya kwa kuandika na kufuta. Haiwezi kuwa sanduku ya kuweka kitu ya maana. Naandika mara nyingi, nachoka. Nashika na vidole, nachafuka. Kama iko kitu unapenda, toa nakala mbili kwa diski ile haifutiki, weka nyumba mbili."

Musoni na Patient wakatazama chini kama wanafunzi.

Programu ya Rwakabuba ilisoma diski kipande kwa kipande. Kwenye kioo palijaa vijisanduku vidogo. Cha kijani kilimaanisha kimesomeka, chekundu kimekataa. Kazi ilichukua saa nne. Walikunywa chai, wakala chapati, wakarudi. Kijani kilikuwa kingi. Ila kuelekea mwisho, pale mikwaruzo ya dawa ya meno ilipozama zaidi, palikuwa na mstari wa nyekundu.

"Ile mimi siwezi," alisema Rwakabuba. "Hapo diski iko na vidonda. Kama nyinyi naleta kabla ya kusugua, yote inatoka."

Orpa alihesabu vijisanduku vyekundu. Vilikuwa kumi na tisa. Aliuliza ni muda gani huo.

"Kidogo. Nusu dakika, labda."

Ikaonekana kuwa hasara ndogo. Rwakabuba akatoa nakala mbili kwenye diski zisizofutika, na hakuzichezesha zote mpaka mwisho, kwa kuwa jua lilikuwa linakwenda na gari la kurudi halisubiri mtu.

Siku ya kuondoa kilio watu walijaa uwanjani. Walikula, wakaomba, wakaimba. Kisha kompyuta ikawekwa juu ya meza, na Mama Nathalie akaita Orpa akae mbele. Orpa akakaa. Vikapu vya mahindi vikaingia. Bega likapita, safari hii halikufungwa, na nyuma yake ukatokea uso.

Baada ya nyimbo Constance alisimama peke yake, kitenge cha njano, mikono imefumbatwa. Koko aliishika midomo yake. Sauti ilikuwa kavu kidogo, ya mtu aliyetoka kuimba.

"Ninashukuru Mungu kwa kutufikisha hapa kutoka kwetu," alisema. "Ninashukuru kwa bwana yangu Musoni, hana maneno mingi lakini hajaniacha njiani. Ninashukuru kwa mama mukwe, alinipokea kama mutoto wake. Na zaidi ninashukuru kwa Orpa wangu. Munajua kwa nini? Kwa sababu huyu mutoto..."

Picha ikaganda. Uso ukagawanyika vipande, sauti ikakatika. Watu walingoja. Orpa alingoja. Mdomo wa mama yake ulikuwa wazi, neno limo ndani yake.

Kisha picha ikaruka. "...na tena mahindi ya mwaka huu," alisema Constance akicheka, na kanisa zima likacheka naye kwa kitu ambacho hakuna aliyekisikia. Akashukuru kwa mahindi, akashukuru kwa mvua, akakaa.

Orpa akasimama, akamwendea Patient aliyekuwa nyuma ya meza.

"Yaya, weye ulishika kamera. Ulikuwa karibu. Alisema nini?"

Uso wa Patient ulionyesha jinsi alivyotaka kumpa kitu.

"Nilikuwa natazama taa ya betri," alisema. "Sikumbuki, Orpa. Ninaweza kukutungia maneno mazuri, na utafurahi. Lakini hayatakuwa yake."

Orpa akamtazama Koko. Koko alikumbuka kicheko tu. Mama Nathalie alianza kusema kitu, akaacha, akakiri kwamba hana hakika. Mwaka mzima ulikuwa umeyasugua maneno yale vichwani mwa watu wote, na hakuna aliyetoa nakala.

Hapo ndipo ganzi ilipoachia. Haikuachia kwa upole. Orpa alianguka kwenye benchi akalia kwa sauti, kilio cha mwaka mzima, mabega yakitetemeka, na hakujali nani anamwona. Alilia kwa mama yake, na alilia kwa nusu dakika ile, ambayo alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwake wakati inafutwa kwa ncha ya kitenge. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Wanawake wengine walianza kulia naye, na wazee wakasema hivyo ndivyo kilio kinavyoondolewa.

Alipotulia, Musoni alimkalisha karibu naye. Mtu huyu asiye na maneno mengi alichagua yake moja moja.

"Mwanangu, sikufichi. Ile sentensi imekwenda, na haitarudi. Kuifuta diski, hilo lilikuwa kosa la mtoto aliyeumia, nililisamehe Ijumaa ile ile. Sentensi haikupotea Jumatano ulipobonyeza. Ilipotea uliposimama ukiangalia watu wanasugua, na ulijua. Ukikosa, sema wakati ule ule, kabla mikono ya watu haijaanza kutengeneza kitu ambacho hawajui kimeharibika wapi. Na yale mengine yote tumeyasikia leo, jina lako mdomoni mwa mama yako, tumeyapata kwa sababu ulisema kabla ya Jumapili. Yashike yote mawili. Usisahau moja kwa ajili ya lingine."

Orpa alitikisa kichwa kukubali. Macho yalikuwa yamevimba na pua imeziba, na kifua kilimuuma kila mahali.

"Papa," alisema, "waambie waanze tena tangu mwanzo."

Patient akarudisha picha nyuma, na Orpa akaitazama mpaka mwisho.